Rafiki wa Mazingira ni Nani? Uhakiki wa Matembezi ya Kijani Jijini Kigali

Utangulizi

Nilipokuwa mwaka wa tatu chuoni, Kiswahili kilinipatia kazi yangu ya kwanza ya malipo. Kampuni ndogo ya kutembeza wageni hapa Kigali ilikuwa na kijitabu cha kurasa kumi na mbili, kwa Kiingereza na Kifaransa. Mwenye kampuni alikuwa amesikia kwamba tangu 2017 Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda, na kwa macho yake alikuwa ameona mabasi ya Tanzania na Uganda yakishusha abiria kwenye stendi ya Nyabugogo. Akaniita nikitafsiri. Kijitabu kilieleza "burudani rafiki wa mazingira" kwa mgeni anayekaa jijini siku mbili au tatu, hasa yule anayesubiri safari ya kwenda kuwaona sokwe wa milimani.

Nilifanya kazi hiyo kwa wiki tatu. Katika makala haya ninadhamiria kukihakiki kijitabu hicho, pamoja na tafsiri yangu mwenyewe. Darasani tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na mashairi. Lakini kijitabu cha utalii nacho ni matini. Kina msimulizi, kina wahusika, kina mandhari, na kina mambo kinayoyanyamazia. Tena msomaji wake hatii neno moyoni tu. Hutoa pesa mfukoni na kuelekeza miguu yake kule alikoelekezwa. Kwa hiyo si halali kukiacha bila kukisoma kwa makini. Swali langu ni moja: burudani tunazoziita rafiki wa mazingira jijini Kigali, ni rafiki wa nani hasa?

Kipimo changu

Nianze na maneno yenyewe, kwa kuwa ndiyo yaliyonitoa jasho. Neno "mazingira" linatokana na kitenzi kuzingira, yaani kuzunguka pande zote. Mazingira ni yale yanayotuzunguka. Sasa, kinachozunguka hakina budi kuwa na kitu au mtu katikati. Katika kijitabu nilichotafsiri, katikati palikuwa patupu. Palikuwa na vilima, mafunjo, ndege na machweo ya jua. Mtu pekee aliyeonekana alikuwa mgeni mwenyewe, amevaa kofia, ameshika kamera. Wenyeji walitajwa mara mbili: mara ya kwanza kama "tabasamu", mara ya pili kama "vikapu".

Neno la pili ni "rafiki". Wahenga walitupa kipimo chake zamani: akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Ninaona kipimo hicho kinatosha kwa uhakiki huu. Jua likiwa zuri na bustani ikiwa imefyekwa vizuri, kila mtu ni rafiki wa mazingira. Tuulize dhiki ikija inakuwaje. Kwa hiyo nitapima kila burudani kwa maswali matatu. Kwanza, masika yakija na maji yakishuka kutoka vilimani, je, burudani hii inaisaidia ardhi au inaielemea? Pili, pesa ya mgeni inafika kwa nani? Tatu, nani anaweza kuingia, na anaelezwa mambo kwa lugha gani?

Kinamasi cha Nyandungu

Ukurasa wa kwanza wa kijitabu ulihusu Bustani ya Ikolojia ya Nyandungu, na ni haki yake kutangulia. Kigali ni jiji la vilima, na kila kilima kina bonde lake, na mabonde mengi yalikuwa vinamasi. Kinamasi hufanya kazi ambayo haionekani. Mvua inaponyesha, mafunjo na udongo wa chini hulishika lile furiko, huyapunguza maji kasi, huyachuja, kisha huyaachilia polepole kuelekea mto Nyabugogo na Nyabarongo. Ukikijaza kinamasi kifusi na kujenga juu yake, kazi hiyo haiondoki; inahamia ndani ya nyumba za watu.

Nyandungu ilikuwa imeharibika kwa kilimo, malisho na uchimbaji. Ikarudishwa, ikapandwa miti ya asili, na mwaka 2022 ikafunguliwa kwa umma. Eneo lake ni hekta 121. Ukiingia unapata njia za kutembea na za baiskeli, mabwawa, ndege wengi, na bustani ya mimea ya dawa. Nilipita humo mara tatu kabla ya kutafsiri ukurasa huo, kwa sababu sikupenda kuandika habari za mahali nisipopajua.

Kwa swali la kwanza, Nyandungu inashinda bila ubishi. Hiki si kiwanja cha michezo kilichopakwa rangi ya kijani. Mgeni anapotembea pale anatembea juu ya mtambo wa maji unaofanya kazi. Kosa la kijitabu ni kwamba hakikusema hivyo hata mara moja. Kilisema "utulivu", kikasema "hewa safi", kikasema "picha nzuri". Msomaji angedhani kwamba mafunjo yamepandwa ili yawe mandhari ya picha ya harusi. Kwa nini tumfiche mgeni jambo la kuvutia kuliko yote, kwamba ule ukimya anaoupenda ni ukimya wa mahali panapofanya kazi?

Kasoro ya namna hii ni ya uandishi, si ya bustani. Na mimi niliibeba kama ilivyo kwa Kiswahili. Mtafsiri hujificha nyuma ya kisingizio kwamba maneno si yake. Hata hivyo, msomaji wa Mwanza au Kampala atakayekishika kijitabu kile atayasoma maneno yangu.

Kijiji cha Umusambi

Burudani ya pili ni Kijiji cha Umusambi, ambako wamehifadhiwa korongo wenye taji. Sisi tunamwita umusambi. Majirani zetu wa Uganda wamemweka kwenye bendera yao. Kwa miaka mingi ndege huyu alikamatwa na kufugwa katika bustani za hoteli na nyumba za watu wenye uwezo, akikatwa mabawa asiruke. Olivier Nsengimana, daktari wa mifugo, alianzisha juhudi za kuwaorodhesha ndege hao na kuwashawishi waliowafuga wawatoe bila kuadhibiwa. Waliokuwa bado na uwezo wa kuishi porini walipelekwa Hifadhi ya Akagera. Wale ambao mabawa yao hayaponi tena, au wenye ulemavu mwingine, wakatengewa kinamasi kilichorudishwa, hekta 21, pembezoni mwa jiji.

Hapa kijitabu kiliandika vizuri, na mhakiki asiyesifu panapostahili ni mchongezi tu. Kilieleza kisa kizima. Mgeni anajua tangu mwanzo kwamba ndege mzuri anayemtazama ni majeruhi wa mapambo. Hiyo ni burudani yenye somo linalochoma: mtu anayefurahia uzuri wa kiumbe bila kuuliza umefikaje mbele yake anaweza kuwa sehemu ya mateso yake. Nilipokuwa nikitafsiri ukurasa huu, nilitamani kurasa nyingine zote ziandikwe na mkono uleule.

Lakini tazama jambo hili. Kijitabu kiliweza kusema wazi kwamba korongo walihamishwa kutoka makwao, kikaeleza nani aliwahamisha na kwa nini. Kiliposema habari za watu waliohamishwa kutoka mabondeni, sentensi zilikosa mtenda. Nitalirudia jambo hili baadaye.

Biryogo na Nyamirambo

Ukurasa wa tano ulimpeleka mgeni kwa miguu Nyamirambo. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, huku ndiko nyumbani. Biryogo ndiko walikokaa Waswahili tangu enzi za ukoloni, na hadi leo ukipita asubuhi utasikia "shikamoo" na "muraho" katika pumzi moja. Tangu 2021 kuna mtaa ambao magari yamezuiwa. Barabara imepakwa rangi, meza zimetolewa nje, watu wanakunywa chai ya maziwa yenye tangawizi na kula chapati na mishikaki.

Katika eneo hilohilo kuna kituo cha wanawake, Nyamirambo Women's Center, kilichoanzishwa mwaka 2007 na wanawake kumi na wanane. Wao huwatembeza wageni kwa miguu: kwa kinyozi, kwa msusi, sokoni, msikitini, hadi nyumbani kwa mama anayepika mchana. Hakuna injini inayowashwa. Chakula kimetoka soko la jirani. Na pesa inabaki mtaani, kwa kuwa wanaotembeza na wanaopika ni wenyeji.

Kwa swali la pili, ziara hii ndiyo bora kuliko zote katika kijitabu. Ajabu ni kwamba haikupewa alama ya jani la kijani ambalo mwandishi aliliweka kando ya burudani anazoziona ni rafiki wa mazingira. Ilipewa alama ya ngoma, maana yake "utamaduni". Nilimwuliza mwenye kampuni sababu. Akanijibu, "Mwanangu, pale hakuna miti."

Jibu hilo lilinifungua macho. Katika akili ya kijitabu, mazingira ni miti. Mtaa wenye watu wengi, wanaotembea kwa miguu, wanaoshona nguo iliyochanika badala ya kuitupa, wanaokula vya jirani, huo si mazingira. Huo ni ngoma. Mgeni aliyepanda gari kubwa la dizeli peke yake kwenda kutazama mti mmoja pembezoni mwa jiji anapata jani. Mgeni aliyetembea kilomita tatu kwa miguu na kula maharage ya mama wa Biryogo hapati kitu. Hapa kipimo kimepinda, na kilipinda kabla ya mgeni kuwasili.

Jumapili bila magari na Jumamosi ya umuganda

Burudani mbili zinazofuata hazina kiingilio, na labda ndiyo sababu zilipewa nusu ukurasa tu.

Ya kwanza ni siku ya barabara bila magari. Ilianza mwaka 2016 ikiwa mara moja kwa mwezi, kisha ikawa mara mbili. Jumapili asubuhi barabara kuu kadhaa hufungwa, na watu hukimbia, huendesha baiskeli, hucheza mazoezi ya viungo, na wengine hupimwa shinikizo la damu na kisukari bila malipo. Ukitaka kuiona Kigali bila pazia, nenda siku hiyo. Waziri, mwanafunzi na muuza ndizi wote wanatoka jasho kwenye mlima uleule. Mwezi Septemba 2025 dunia nzima ilikuja hapa kwa mashindano ya ubingwa wa baiskeli, mara ya kwanza kufanyika Afrika, ikaona jinsi vilima vyetu vinavyovunja miguu. Mwenyeji hakuhitaji mashindano kulijua hilo.

Ya pili ni umuganda, kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Watu wa kila mudugudu hutoka asubuhi kusafisha mifereji, kupanda miti, kutengeneza njia, kisha hukaa mkutano. Mgeni anaruhusiwa kujiunga. Kijitabu kiliandika kwamba mgeni "anaweza kupiga picha za wakazi wakifanya usafi". Neno hilo nililikataa. Niliandika kwa Kiswahili: "mgeni anaweza kushika jembe." Mwenye kampuni alikubali, nami ninamshukuru. Tofauti ya sentensi hizo mbili si ndogo. Ya kwanza inamfanya jirani kuwa maonyesho. Ya pili inamfanya mgeni kuwa jirani kwa saa tatu. Na kwa kipimo cha dhiki, mfereji uliozibuliwa mwezi wa pili ndio unaookoa nyumba mwezi wa nne.

Usafi wa Kigali, ambao kila mgeni huusifu, una historia ya sheria pia. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka 2008, na mwaka 2019 sheria ikapanuliwa kufikia plastiki nyingine za kutumika mara moja. Lakini sheria haifagii. Wanaofagia ni akina mama wanaoanza kazi kabla ya mapambazuko, wamefunga vitambaa kichwani. Kijitabu kiliandika kwamba Kigali "ni safi". Nilijaribu kuandika kwamba Kigali "husafishwa". Nilirudishiwa ukurasa umekatwa kwa kalamu nyekundu.

Mgeni wa basi

Sasa nije kwenye swali la tatu: nani anakaribishwa?

Kijitabu kilianza kwa maneno "baada ya kutua uwanja wa ndege". Mwandishi hakuwaza mgeni mwingine. Lakini mama kutoka Ngara anayeingia kwa Rusumo, mwanafunzi kutoka Kampala anayepitia Gatuna, mwalimu kutoka Bukavu anayevukia Rusizi, hao wote ni wageni. Wanakuja kwa basi, watu hamsini ndani ya injini moja. Wanalala kwa jamaa au katika nyumba ndogo za wageni. Wanakula mghahawani. Wananunua kitambaa na kurudi nacho kwao. Kama tunapima uzito wa safari juu ya ardhi, mgeni wa basi amekwisha kumshinda mgeni wa ndege kabla hajashuka Nyabugogo. Na lugha inayomfaa, mara nyingi, ni Kiswahili.

Mwaka jana tulipokea wanafunzi wenzetu kumi na wanne kutoka chuo kimoja cha Tanzania. Nilipewa jukumu la kuwatembeza siku nzima, nikawa na kijitabu changu mkononi kwa fahari. Tulifika kwenye bustani moja ya jijini, ambayo sitaitaja. Vibao vya mimea vilikuwa na jina la kisayansi na maelezo ya Kiingereza. Mwongoza wageni alikuwa kijana mchangamfu, akaeleza kwa Kiingereza chepesi. Wenzetu walisikiliza kwa adabu. Kisha mmoja wao, dada kutoka Bukoba, akaonyesha kidole mti wenye maua mekundu akasema, "Huu kwetu tunao, bibi yangu alikuwa na habari zake nyingi." Ulikuwa mti tunaouita umuko, ambao katika dini ya jadi ya Wanyarwanda, ile ya Ryangombe, ulikuwa mti mtakatifu. Kibao hakikuwa na neno hata moja juu ya hilo. Tukasimama pale karibu nusu saa, dada yule akisimulia ya kwao, nami ya kwetu, na yule kijana mwongozaji akasahau Kiingereza chake, akatoa hadithi ya babu yake kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kinyarwanda. Ilikuwa nusu saa bora ya siku ile, na haikuwemo kijitabuni.

Kutokana na siku hiyo ninashikilia kwamba lugha ni sehemu ya urafiki na mazingira. Mti usiokuwa na jina unalolijua unaupita kama nguzo ya umeme. Tukiweka Kiswahili kwenye kibao tunampa mgeni wa jirani nafasi ya kusema "huu kwetu tunao". Mtu hulinda kile anachokitambua.

Sentensi zisizo na mtenda

Niliahidi kurudi kwenye habari za waliohamishwa, na hapa sina budi kusema mambo ya nyumbani.

Shangazi yangu alikaa miaka tisa ukingoni mwa kinamasi kimoja cha jiji hili. Alilima viazi vitamu na dodoki pembeni, akakata mafunjo akasuka mikeka, akauza. Alikuwa mpangaji. Ilipoamuliwa kwamba mabonde yaachwe yapumue, nyumba za eneo lile zilibomolewa. Mwenye nyumba alikuwa na karatasi zake. Shangazi alikuwa na godoro, sufuria mbili na watoto watatu. Leo anakaa kwenye kilima cha mbali, na kufika sokoni ni mabasi mawili.

Kijitabu kililieleza jambo hili kwa sentensi moja: "Eneo lilisafishwa na kurejeshwa katika hali yake ya asili." Waliosoma sarufi watanielewa. Kauli ya kutendwa ina kazi yake nzuri, lakini hapa ilitumika kama mlango wa nyuma. Lilisafishwa na nani? Lilisafishwa nini? Katika kutafsiri niliongeza sentensi fupi: "Baadhi ya familia zilizoishi hapa zilihamia sehemu nyingine za jiji." Haikuwa lawama. Ilikuwa taarifa. Sentensi hiyo iliondolewa. Nikaambiwa kwamba mgeni amekuja kupumzika, hakuja kusikitika.

Ningependa kusema kwamba niligoma. Sikugoma. Nilihitaji ada ya muhula, nikapokea malipo, na kijitabu kikachapwa kikiwa na jina langu ukurasa wa mwisho.

Mhakiki akiegemea upande mmoja tu huharibu kazi yake, kwa hiyo niseme na upande wa pili. Nilipomweleza shangazi kwa hasira, hakunikubalia yote. Alisema, "Wewe hukuwepo usiku ule wa Aprili. Maji yaliingia mpaka kitandani, nikawapandisha watoto juu ya meza. Nilikuwa nikisikia mvua siku zote nakaa macho. Mahali pale hapakuwa pa kulala mtu." Kisha akanyamaza, akaongeza, "Ila kuhama ni jambo moja, na kusahauliwa ni jambo lingine."

Siku moja nilimpeleka Nyandungu, nikamlipia kiingilio. Aliuliza mlangoni, "Kumbe watu wanalipa kutazama maji?" Hakuuliza kwa ubaya, alicheka. Ndani alitembea polepole kuliko wageni wote. Alipofika kwenye mimea ya dawa aliisoma bila kutazama kibao. Huu ni umuravumba, wa kikohozi. Huu umubirizi, mchungu, usimpe mtoto mwingi. Alisimama kwenye mafunjo akayagusa mashina, akaniambia yapi yamekomaa kwa mkeka na yapi bado, na kwamba ukiyakata vizuri yanachipua tena, ukiyang'oa umeua. Wazungu wawili waliokuwa nyuma yetu walisogea kusikiliza. Mmoja aliuliza kwa Kiingereza kama mama huyu ni mwongoza wageni. Nilisema hapana. Nilijuta jibu langu mpaka tulipofika nyumbani.

Nini kifanyike

Uhakiki unaoishia kwenye malalamiko haujengi. Ninatoa mapendekezo matatu.

La kwanza linahusu pesa. Katika hifadhi zetu za taifa kuna kanuni nzuri: tangu 2005 sehemu ya mapato ya utalii hurudishwa kwa jamii zinazozizunguka, na sasa ni asilimia 10. Anayelipa kibali cha kuwaona sokwe, ambacho tangu 2017 ni dola 1,500 kwa mgeni kutoka nje, anajua kwamba sehemu yake itajenga darasa au tangi la maji kando ya hifadhi. Kanuni hiyo iliandikwa kwa ajili ya hifadhi za taifa. Sasa kwa kuwa jiji linaendelea kuvirudisha vinamasi vingine, kikiwemo cha Gikondo, ni wakati wa kuileta mjini. Waliotoka bondeni ndio majirani wa hifadhi hizi mpya, hata kama leo wanakaa mbali nazo.

La pili linahusu kazi. Watu waliolima na kusuka kando ya vinamasi wana elimu ambayo hakuna chuo cha utalii kinachoifundisha. Wapewe nafasi ya kuongoza wageni, hata siku mbili kwa wiki. Mwongozaji kijana aliyesoma na mama aliyeishi pale wakitembea pamoja, mgeni atapata mkono wa kulia na wa kushoto.

La tatu linatuhusu sisi, wanafunzi wa Kiswahili. Tumekuwa tukilalamika kwamba lugha yetu imepewa cheo cha urasmi bila kazi. Kazi ipo. Vibao, vijitabu na ziara za mitaani vinasubiri waandishi. Ila tusiwe watu wa kuhamisha maneno tu kutoka upande mmoja wa karatasi hadi mwingine. Anayetafsiri "kijani" bila kuuliza kijani hicho kimegharimu nini, na kimelipwa na nani, amefanya kazi ya mashine.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba burudani rafiki wa mazingira jijini Kigali si maneno matupu. Kinamasi kinapumua, korongo wamepona kadiri walivyoweza, Jumapili barabara ni za miguu, na Biryogo chai iko tayari. Ningemshauri mgeni yeyote aje, na kama anaweza, aje kwa basi. Kasoro kubwa niliyoiona imo katika namna tunavyosimulia. Tumesimulia mazingira yasiyo na mtu katikati, kisha tukamwalika mgeni ajaze nafasi hiyo.

Wahenga walisema pia, mgeni njoo mwenyeji apone. Methali hiyo ina sehemu mbili, na vijitabu vyetu huchapa ile ya kwanza tu. Kijitabu changu bado kiko mapokezi ya hoteli kadhaa jijini, na jina langu bado liko ukurasa wa mwisho. Mwenye kampuni amenipigia simu wiki iliyopita; anataka toleo jipya, kwa sababu nakala za Kiswahili zimekwisha kabla ya zile za Kifaransa. Nimemwambia nitaifanya kazi hiyo kwa sharti moja, kwamba ile sentensi irudi. Bado sijapata jibu. Safari hii ninaweza kusubiri.